Kuinua Kimo cha Mlango wa Banda la Gari: Linta Isikatwe Kabla ya Kibali

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa kata, kuhusu ukarabati wa nyumba za makazi)



Katika kata zinazokua kwa kasi pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kuanzia Kisesa na Igoma hadi Buswelu, Buhongwa na Usagara, zipo nyumba nyingi za makazi zenye chumba cha kuegeshea gari kilichoshikamana na nyumba yenyewe. Katika lugha ya mtaani neno gereji hutumika zaidi kwa mahali pa fundi wa magari, hivyo katika mada hii chumba hicho kitaitwa banda la gari. Mlango wake, mara nyingi, una kimo kilekile cha milango mingine yote ya nyumba: mita 2.1, ambazo fundi huziita futi 7.

Kimo hicho hakikuchaguliwa kwa kulitazama gari. Kilitokana na linta. Nyumba ya tofali hujengwa hadi usawa wa juu wa milango na madirisha, kisha humwagwa linta moja inayozunguka kuta zote kwa usawa mmoja, na juu yake hupangwa kozi mbili au tatu za tofali kabla ya kuezeka. Mlango wa banda la gari hupewa usawa wa linta kwa sababu ni rahisi na ni nafuu. Gari dogo la abiria hupita bila shida. Toyota Noah nayo hupita, ila ikifungwa kerio na mizigo juu hukwama. Toyota Hiace yenye paa la juu ina kimo cha takriban mita 2.3, na hiyo haipiti kabisa. Mwenye nyumba aliyenunua gari la biashara analazimika kulilaza nje, barabarani au kwa jirani mwenye uzio, na kila asubuhi huliangalia kwanza magurudumu na betri kabla ya kuwasha injini.

Ipo pia sababu ya pili ya ufupi wa milango, na hiyo ni ya ukanda wa ziwa hasa. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi viwango vya juu ambavyo wakazi wengi walikuwa hawajapata kuviona maishani mwao. Wazee wanaokumbuka mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndio waliokuwa na la kulinganisha. Wenye nyumba karibu na mwalo na kwenye mabonde walijaza kifusi na kuinua sakafu. Wengine walifanya hivyo kwa sababu barabara ya mbele ya nyumba iliinuliwa wakati wa matengenezo, na maji ya mvua yakaanza kuingia ndani. Sakafu ikipanda kwa sentimita 30 na linta ikabaki palepale, mlango wa mita 2.1 unakuwa wa mita 1.8. Gari lililokuwa likiingia jana leo haliingii.

Hapo ndipo fundi huitwa. Fundi hutazama, hupima kwa macho, na mara nyingi jibu lake ni kwamba hakuna shida: grenda itakata nondo, nyundo itavunja linta, mlango utapanda kozi mbili, na kazi itakuwa ya siku mbili tu. Kuna mafundi hodari katika mkoa huu na heshima yao haibishaniwi. Hata hivyo, jibu hilo la haraka ndilo lililoifanya mada hii ihitajike.

Linta iliyo juu ya mlango wa banda haifanyi kazi ya mlango huo peke yake. Ni sehemu ya mkanda mmoja wa zege na nondo uliozunguka nyumba nzima, kama mshipi uliofungwa kiunoni. Mkanda huo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, hubeba tofali zilizo juu ya mlango pamoja na sehemu ya paa. Pili, huzishika kuta zisisukumane kwenda nje. Tatu, na hili husahaulika, mara nyingi hulishika paa lisiondoke, kwa kuwa waya au nondo nyembamba zinazofunga mbao ya ukutani na kenchi huanzia ndani ya linta. Anayezijua dhoruba zinazotoka ziwani jioni za msimu wa mvua hahitaji kuelezwa sana maana ya paa ambalo halikufungwa.

Umuhimu wa mkanda huo ulionekana tarehe 10 Septemba 2016, lilipotokea tetemeko la ardhi mkoani Kagera. Mtikisiko wake ulisikika hadi Mwanza. Bukoba na maeneo jirani zaidi ya watu 15 walipoteza maisha na nyumba nyingi sana zilianguka au kupasuka. Katika mtikisiko wa namna hiyo, kuta zisizofungwa pamoja kwa linta hutengana kwenye pembe na kila ukuta huanguka kivyake. Mkanda uliokatwa mahali pamoja ni mkanda uliofunguka, hata kama pande nyingine zote ni nzima.

Uzito nao unafaa kufahamika kwa tarakimu. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Linta ya mlango wa banda wenye upana wa mita 3, ikiwa na urefu wa mita 3.4 kwa jumla, unene wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30, ina uzito unaokaribia kilo 370. Tofali zilizo juu yake, zikiwa na kimo cha sentimita 60, zinaongeza kilo 500 na zaidi. Bado paa halijahesabiwa. Mzigo wote huo, siku ya kuvunja, huning'inia juu ya kichwa cha kijana aliyeshika nyundo, ambaye kwa kawaida ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote katika kazi hiyo.

Si lazima mwananchi aende mbali kutafuta mfano wa jengo lililoguswa upande wa chini huku upande wa juu ukiendelea kutumika. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, wakati wa shughuli za biashara, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kazi za ujenzi zilikuwa zikiendelea sehemu ya chini ya jengo hilo, na Serikali iliunda kamati ya kuchunguza majengo ya eneo hilo. Banda la gari la nyumba ya chini si ghorofa la Kariakoo, na si haki kutishana. Lakini kanuni ya mzigo ni moja: kinachobeba hakiondolewi mpaka kingine kimekwisha kubeba mahali pake.

Yafaa pia kusema jambo kuhusu picha za video ambazo wananchi wengi huziona kwenye simu. Katika video hizo, nyingi zikiwa za Marekani, mwenye nyumba na jirani yake huinua mlango wa banda la gari kutoka futi 7 hadi futi 8 katika siku moja au mbili, wakiwa na msumeno na misumari tu. Wanachokifanya kinawezekana kwao kwa sababu nyumba zao, kwa sehemu kubwa, ni za fremu za mbao. Juu ya mlango kuna boriti ya mbao, nayo hutolewa na kupandishwa juu huku dari ikiwa imeegemezwa. Nyumba ya Mwanza ni ya tofali za saruji au za kuchoma, ina linta ya zege, na msingi wake ni wa mawe. Somo la msumeno halihamishiki hapa. Fundi anayeonyeshwa video hiyo na mwenye nyumba anastahili kupewa nafasi ya kukataa.

Kabla ya kufikiria kuvunja, mwenye nyumba apime. Apime kimo cha gari likiwa na kerio, na likiwa tupu bila mizigo, kwa kuwa springi hupanda mzigo ukishushwa. Apime kutoka sakafu hadi chini ya linta, katikati na pembeni, maana sakafu nyingi zina mteremko. Apime pia mahali gari linapopanda kizingiti: gari refu likiwa na magurudumu ya mbele ndani na ya nyuma nje kwenye mteremko huweza kugusa linta ingawa kimo chake kwa tarakimu ni kidogo kuliko mlango. Vilima vya Mwanza vimeharibu paa za magari mengi kwa njia hiyo. Wenye nyumba wengine wamegundua kwamba tatizo lilikuwa mwinuko wa kuingilia, na likaisha kwa kuusawazisha.

Aina ya mlango nayo huzingatiwa mapema. Mlango wa chuma wa kujikunja huhitaji kasha juu yake lenye kina cha sentimita 30 hadi 40. Kasha hilo likifungwa chini ya linta, ndani ya uwazi wenyewe, linaweza kula nafasi yote iliyopatikana kwa gharama ya kuvunja ukuta. Mlango wa mabawa mawili unaofunguka kwenda nje hauhitaji nafasi ya juu hata kidogo, wala mlango wa kuburuza pembeni. Pengine mwenye kasha ndani ya uwazi akilitoa na kuweka mabawa mawili atapata sentimita zake 30 bila kugusa tofali hata moja.

Zipo njia nyingine zinazostahili kutangulia. Kerio inaweza kutolewa. Sakafu ya banda inaweza kushushwa pale ambapo iliwahi kuinuliwa bila ulazima, mradi msingi usichimbwe chini ya kitako chake na maji yawe na pa kwenda. Na mwenye kiwanja cha kutosha anaweza kujenga banda la wazi mbele ya nyumba, la nguzo nne na bati, lenye kimo anachokitaka. Kwa maoni ya kitaalamu, kwa nyumba nyingi njia hii ya mwisho ni nafuu kuliko kuinua linta, na haiigusi nyumba. Nayo pia huombewa kibali, ili isivuke mpaka wa kiwanja au kuingia katika hifadhi ya barabara.

Jambo moja liwe wazi kabisa. Nyumba iliyojengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, au ya tofali mbichi, isiinuliwe mlango. Udongo hauzishiki tofali zikishaondolewa zilizo chini yake, na hakuna egemeo la kawaida litakalozuia ukuta wa namna hiyo kumwagika. Mwenye nyumba hiyo ajenge banda la pembeni.

Kwa mwenye nyumba ya tofali za saruji ambaye amepima, akafikiri, na bado anahitaji kuinua, kazi inawezekana na hufanyika salama. Siri yake iko katika mpangilio: linta mpya hutangulia, ya zamani huondoka baadaye.

Chukulia mlango wa mita 2.1 unaotakiwa kufikia mita 2.5. Juu ya mlango kuna linta ya sentimita 20, na juu ya linta kozi tatu za tofali zenye jumla ya sentimita 72 hivi, kisha mbao ya ukutani na kenchi. Sehemu ya juu ya ukuta iko basi karibu mita 3 kutoka sakafuni. Linta mpya yenye kina cha sentimita 30 itaanzia mita 2.5 na kuishia mita 2.8. Inabaki kama sentimita 22 tu hadi kwenye mbao ya ukutani. Nafasi inatosha, lakini haina cha ziada. Nyumba yenye kozi mbili tu juu ya linta haitatosha bila kugusa paa, na hapo gharama inabadilika kabisa. Kwa sababu hiyo, hesabu hii ifanywe kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Kazi huanza kwa kuegemeza kenchi. Boriti ya mbao hupitishwa chini ya kenchi, ndani ya banda, sambamba na ukuta wa mlango na karibu nao, nayo hubebwa na jeki za chuma au mirunda iliyonyooka. Kila egemeo husimama juu ya ubao mpana ulio juu ya sakafu imara, wala halisimami juu ya kifusi kipya. Mirunda ifungwe kwa fito za kukingama ili isicheze. Egemeo linaloweza kusogezwa kwa teke si egemeo.

Hatua inayofuata ni nguzo mbili za zege, moja kila upande wa mlango, kutoka kwenye msingi hadi usawa wa linta mpya. Ukuta huchongwa upande mmoja kwanza, nguzo humwagwa na kukomaa, ndipo upande wa pili huguswa. Mahali nguzo inapokutana na linta ya zamani, zege la linta hupasuliwa taratibu lakini nondo zake haziguswi. Hupita ndani ya nguzo mpya na kumwagiwa zege pamoja nayo. Kwa njia hiyo, siku kipande cha kati kitakapoondolewa, ncha za mkanda zitakuwa zimeshikwa na nguzo, na nguzo zitauunganisha mkanda wa chini na linta ya juu. Fundi anayeruka hatua hii anaacha mkanda wazi, na kasoro hiyo haionekani tena baada ya plasta.

Baada ya nguzo, na kenchi zikiwa zimeegemezwa, kozi zilizo juu ya linta ya zamani huondolewa kwa upana unaohitajika. Linta ya zamani bado ipo na bado inafanya kazi, nayo sasa inatumika kama meza ya kusimamishia mbao za kumwagia linta mpya. Nondo hupangwa: kwa upana wa mita 3 mhandisi kwa kawaida hataagiza pungufu ya nondo nne za milimita 12, pamoja na ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 15 hadi 20, na huenda akaongeza nondo za chini kulingana na paa. Nondo za kushikia mbao ya ukutani huachwa zikichomoza juu. Zege huchanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto, kwa kutumia saruji ya daraja la 42.5. Maji yawe kiasi. Zege linalotiririka kama uji linamfurahisha anayelimwaga, lakini nguvu yake ni ndogo.

Kuhusu mchanga, yapo mawili ya kuzingatia. Mchanga uchukuliwe machimbo yaliyoruhusiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kuchota mchanga ufukweni kumekwisha kuvileta viwanja vya watu karibu na maji. La pili ni usafi wake. Mchanga utiwe ndani ya chupa ya maji, utikiswe na kuachwa utuame kwa saa kadhaa. Tabaka nene la udongo likionekana juu ya mchanga, mzigo huo urudishwe.

Zege likishamwagwa, kazi inayobaki ni ya subira, na hapa ndipo wengi hushindwa. Linta hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa muda usiopungua siku 7. Zege hufikia nguvu iliyokusudiwa katika hesabu baada ya siku 28. Katika siku hizo zote mbao za chini ya linta na mirunda ya kenchi hubaki mahali pake, tofali za juu hurudishwa, na mbao ya ukutani hufungwa upya. Mwenye gari ataendelea kulilaza nje kwa wiki nne. Ni usumbufu, na mirunda ya kukodi ina gharama yake ya kila siku. Lakini linta inayobebeshwa paa siku ya tano hupata nyufa ambazo hazitaziba tena.

Siku 28 zikitimia, mirunda ya kenchi hulegezwa kidogo kidogo, jeki moja baada ya nyingine, huku mtu akitazama plasta na pembe za mlango. Ufa mpya unaopanda kimshazari kutoka kwenye kona ni ishara ya kukaza tena jeki na kumwita mhandisi. Kama hakuna dalili hiyo, linta ya zamani huegemezwa kutoka chini, kisha hukatwa vipande vifupi na kushushwa kimoja kimoja. Nondo zake hukatwa upande wa uwazi, karibu na nguzo. Hakuna anayesimama chini ya kipande kinachokatwa. Watoto wa nyumba na wapita njia wazuiwe siku hiyo, na mafundi wavae kofia ngumu na miwani.

Wakati unaofaa kwa kazi hii katika ukanda wa ziwa ni kati ya Juni na Agosti. Kuacha kenchi juu ya mirunda katika mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, ni kuikaribisha sakafu iloe na egemeo lizame. Aidha, kama waya wa umeme unaingilia kwenye ukuta huo, TANESCO ihusishwe kabla ya grenda kuwashwa.

Wenye geti la uzio lenye boriti ya zege juu yake huuliza kama na wao wanahitaji utaratibu huu wote. Boriti hiyo haibebi paa, na kuiondoa ni kazi nyepesi zaidi. Hata hivyo, huzishika nguzo mbili za geti zisilale. Ikiondolewa, bawa zito la chuma litaivuta nguzo yake kila linapofunguliwa, na nguzo isiyo na msingi wa kutosha itaanza kuinama baada ya miezi michache. Nguzo zichunguzwe kwanza.

Kuhusu kibali, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka mwenye ardhi katika eneo la mipango kupata idhini kabla ya kuendeleza eneo lake, na kubadili muundo wa jengo ni sehemu ya uendelezaji huo. Kupaka rangi au kubadili kitasa hakuhitaji kibali. Kukata linta kunahitaji. Mwombaji huwasilisha uthibitisho wa umiliki, mchoro wa nyumba ilivyo sasa, na mchoro wa mabadiliko unaoonyesha nguzo, linta mpya na vipimo vya nondo. Maombi hupokelewa na Halmashauri, ikiwa ni pamoja na kupitia mfumo wa TAUSI, na Afisa Mtendaji wa Kata humwelekeza mwananchi asiye na uzoefu wa mfumo huo. Walio katika vijiji vilivyo nje ya maeneo ya mipango waanzie kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji ili wapate ushauri wa Mhandisi wa Halmashauri. Mzigo juu ya mlango hautofautishi kijiji na mji.

Wapo wanaokiona kibali kuwa njia ya kuchelewesha watu. Malalamiko hayo yana uzito pale mwananchi anapozungushwa, na anayezungushwa ana haki ya kuandika kwa Mkurugenzi Mtendaji akitaja tarehe aliyowasilisha maombi. Lakini kibali kina faida ambayo haisemwi vya kutosha: humlazimisha mtu mwingine, asiyelipwa na mwenye nyumba wala na fundi, kuutazama ukuta kabla haujavunjwa.

Mwinuko wa kuingilia kwenye banda usijengwe juu ya mtaro wa barabara kwa kuuziba kwa mawe na zege. Mitaro ya barabara za mijini na vijijini iko chini ya TARURA, na anayehitaji kivuko cha gari aombe maelekezo ya ukubwa wa kalvati. Mtaro mmoja ulioziba katika mtaa wenye mteremko hupeleka maji sebuleni kwa jirani wa chini, ambaye naye atainua sakafu yake.

Makubaliano na fundi yaandikwe, yakitaja hatua za kazi na malipo ya kila hatua. Inafaa sehemu kubwa ya ujira ibaki hadi linta ya zamani itakaposhushwa salama, na siku 28 za kusubiri zihesabiwe ndani ya mkataba, ili fundi asione hasara kwa kusubiri na asishawishike kuwahi. Nakala ya mchoro uliopitishwa ibaki mahali pa kazi.

Mwananchi ambaye tayari alikwisha kuinua mlango bila utaratibu huu, na sasa anaona ufa kwenye kona za mlango, linta iliyoinama katikati, au mlango unaokwama ilhali zamani ulifunguka vizuri, asizibe ufa kwa plasta. Aondoe gari na watu katika banda, aweke egemeo katikati ya uwazi kama anaweza kufanya hivyo bila kusimama chini ya sehemu iliyopasuka, na atoe taarifa siku hiyohiyo kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji, ambaye atamfikishia Mhandisi. Iwapo sehemu ya jengo imekwisha kuanguka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, bila malipo. Anayetoa taarifa aseme kwanza kama kuna mtu ndani.